Jinsi Mbwa wa Miguu Mifupi Walivyopata Kusimama Tena

Hili ni somo letu la historia. Ninyi mnaolisoma katika kijitabu baada ya kulisikia katika redio, someni polepole, tena kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kabla hatujaanza, namwomba mwalimu aandike ubaoni maneno manne: pingili, kisahani, ugwe, kibofu. Maneno haya yatarudi mara kwa mara.

Najua baadhi yenu wamekwisha kuguna. Historia ni habari za wafalme, na vita, na safari za majahazi. Mbwa ameingiaje humu? Basi nitawaambieni.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alikuwa mtunza bustani katika nyumba moja mjini. Nyumbani humo mlikuwa na mbwa mdogo mwekundu, mwili mrefu, miguu mifupi mno. Sisi watoto tulikuwa tukimcheka, tukisema kwamba ametembea mpaka miguu ikalika. Asubuhi moja mbwa yule aliamka akiburura miguu ya nyuma kama mtu aburutaye gunia. Jana yake alikuwa akikimbiza kuku. Akaitwa mtu wa kutibu wanyama, akamtazama kwa muda mfupi tu, akasema hakuna dawa. Kabla ya adhuhuri baba aliamriwa kuchimba shimo. Nakumbuka aliuliza mara moja tu, "Lakini mbona anakula?" Hakujibiwa.

Miaka mingi ilipita. Nilipokuwa nikisomea stashahada yangu chuoni, nilikuta katika maktaba kitabu cha maradhi ya mbwa. Ndimo nilimosoma kwamba ugonjwa ule ulikuwa na jina, na kwamba njia ya kuutibu kwa kisu ilikwisha kuandikwa miaka arobaini na zaidi kabla ya siku ile ya shimo. Swali la baba lilikuwa swali lenye maana. Mbwa apoozaye ghafla, naye anakula na macho yake maangavu, je, amekwisha kufa au bado? Somo la leo ni historia ya swali hilo.

Tuanzie Ujerumani. Huko yuko mnyama mmoja aitwaye Dachs, achimbaye mashimo marefu ardhini na kujificha humo mchana. Ni jamaa wa nyegere wetu, na ukali wake si mdogo. Wawindaji wa Kijerumani walitaka mbwa awezaye kumfuata mpaka ndani ya shimo. Mbwa mrefu hawezi. Kwa hiyo, kila walipopata watoto wa mbwa wenye miguu mifupi, waliwachagua hao, wakawazalisha wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, kama mkulima achaguavyo mbegu. Mbwa aliyepatikana aliitwa Dachshund, yaani mbwa wa Dachs. Mwaka 1888 wapenzi wa mbwa hawa walianzisha chama chao huko Ujerumani, wakaweka sheria za umbo lake.

Wazee wanaokumbuka Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, pale John Akii-Bua wa Uganda alipopata nishani ya dhahabu kwa kuruka viunzi mita 400, huenda walimwona mbwa huyu bila kujua. Alama ya michezo ile ilikuwa Dachshund wa rangi nyingi aitwaye Waldi. Hata njia ya mbio za marathoni ilipangwa ifanane na umbo lake. Nimetoka njiani kidogo, lakini si vibaya kujua.

Sasa wawindaji wale walichagua miguu mifupi. Hawakujua kwamba pamoja na miguu hiyo walikuwa wakichagua jambo jingine lililofichika ndani ya mgongo. Tulitazame.

Shika mua. Unaona pingili zake, moja juu ya nyingine. Uti wa mgongo umejengwa hivyo, wa mbwa na wako wewe vilevile. Kila pingili ni mfupa, na kati ya mfupa na mfupa pana kisahani. Kisahani hiki si mfupa. Nje yake ni nyuzi ngumu zilizozungushwa tabaka juu ya tabaka, kama maganda ya kitunguu. Ndani yake ni kitu laini chenye maji, kama uji mzito. Kazi yake ni kupokea kishindo, ili mifupa isigongane mnyama anaporuka. Na juu ya visahani hivyo, ndani ya mfereji wa mifupa, umepita ugwe. Ugwe huu ndio njia ya habari kutoka kichwani kwenda miguuni, na kutoka miguuni kurudi kichwani. Kila amri ya "inua mguu" hupita hapo. Kila habari ya "nimechomwa mwiba" hupita hapo.

Katika mbwa wa miguu mirefu, ule uji wa ndani ya kisahani hukaa laini miaka mingi. Katika mbwa wa miguu mifupi hukauka upesi. Kabla hajatimiza hata mwaka mmoja au miwili, sehemu kubwa ya uji imekwisha kuwa gegedu, na mara nyingine huwa ngumu kama chokaa. Basi siku moja, mara nyingi akiwa na umri wa miaka mitatu hadi saba, mbwa anaruka kutoka kitini, au anageuka tu kwa ghafla. Kisahani kinapasuka upande wa juu. Ile chokaa inafyatuka, inaupiga ugwe na kuubana ndani ya mfereji. Fikiri mpira wa maji uliokanyagwa na mtu. Maji yapo bombani, lakini bustani haipati tone. Ndivyo ilivyokuwa kwa mbwa wa utoto wangu. Kichwa kilikuwa kizima, tumbo zima, hamu ya chakula ipo. Njia ndiyo iliyokuwa imebanwa.

Kulijua jambo hili kuliwachukua wataalamu zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1881 mtu aitwaye Janson aliandika habari ya Dachshund aliyepooza. Mwaka 1896 Hermann Dexler aliwachunguza mbwa waliokufa na ugonjwa huo, akakuta ndani ya mfereji wa mgongo vipande vya gegedu vikiubana ugwe. Alivieleza vizuri sana, lakini akavidhania kuwa ni kitu kilichoota pale, kama uvimbe. Hakuona kwamba vimetoka katika kisahani cha jirani. Msimcheke. Waganga wa watu walikuwa na kosa hilohilo. Walikuwa wakiwapasua watu wenye maumivu makali ya mgongo na mguu, wakitoa vipande vya gegedu na kuviita uvimbe, mpaka mwaka 1934, pale Boston nchini Marekani, William Mixter na Joseph Barr walipoandika kwamba si uvimbe. Ni kisahani kilichopasuka. Miaka mitano baadaye, mwaka 1939, Tillmanns alionyesha jambo hilohilo kwa mbwa. Kwa hiyo mwenzetu abebaye magunia bandarini, akasikia moto ukishuka kutoka kiunoni mpaka kwenye unyayo, yeye na mbwa yule ni ndugu katika maradhi.

Labda utauliza, mbona ujuzi ulichelewa hivyo? Sababu moja ni riziki. Daktari wa wanyama wa zamani alikuwa daktari wa farasi na ng'ombe. Farasi alivuta mizigo na mizinga, ng'ombe alitoa maziwa, na mwenyewe alikuwa radhi kulipa. Mbwa alikuwa mnyama wa mwisho kufikiriwa. Motokaa zilipowafukuza farasi barabarani, ndipo waganga wengi wa wanyama katika miji ya Ulaya na Marekani walipogeukia mbwa na paka. Sababu ya pili ni dawa. Kuufungua mgongo ni kazi ya hatari. Yataka dawa ya usingizi iliyo salama, yataka na penisilini ya kuzuia usaha, na penisilini haikupatikana kwa wingi mpaka Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikielekea kwisha mwaka 1945.

Hapo ndipo mambo yakaenda mbio. Katika chuo cha udaktari wa wanyama cha Stockholm, nchini Sweden, walikuwako vijana wawili, Sten-Erik Olsson na Hans-Jörgen Hansen. Olsson alitoa maandishi yake mwaka 1951, na Hansen mwaka 1952. Hansen alivichunguza visahani vya mbwa wa aina nyingi, wa umri mbalimbali, akivikata na kuvitazama kwa darubini. Ndiye aliyeonyesha wazi kwamba mbwa wa miguu mifupi wana desturi yao ya pekee, visahani vyao huzeeka wangali watoto. Aligawa ugonjwa huu sehemu mbili. Aina ya kwanza ni kupasuka kwa ghafla, nayo huwapata hasa hawa wafupi. Aina ya pili ni kuvimba kwa kisahani polepole, nayo huwapata zaidi mbwa wazee wa miguu mirefu. Mpaka leo waganga wa wanyama duniani husema "Hansen wa kwanza" na "Hansen wa pili", na wengine hawajui kwamba Hansen alikuwa mtu.

Olsson naye alishughulika na tiba. Alitoboa dirisha dogo ubavuni mwa kisahani na kukwangua ile chokaa ya ndani, ili isipate kufyatuka tena. Upande wa pili wa bahari, nchini Marekani, Redding aliandika mwaka huohuo wa 1951 juu ya kulifungua paa la mfereji wa mgongo wa mbwa ili ugwe upate nafasi. Katika jimbo la Alabama, B. F. Hoerlein alikwenda mbele zaidi. Mwaka 1956 aliandika habari ya kufungua upande mmoja tu wa mfereji. Fikiri nyumba ambayo ndani yake mtu amefunikwa na kifusi. Ukiibomoa dari yote utamfikia, lakini nyumba imekuwa dhaifu. Ukitoboa ukuta mmoja pale kifusi kilipo, utakitoa, na nyumba itabaki imesimama. Njia hiyo ya ubavuni ndiyo itumikayo zaidi hata leo.

Vitabu vingi hukoma hapo, kana kwamba mpasuaji akishaosha mikono kazi imekwisha. Mimi sikubaliani navyo. Kisu huondoa kifusi tu. Hakiuponyi ugwe. Ugwe uliogongwa hujiponya wenyewe, tena kwa kadiri ya nguvu iliyobaki ndani yake, na wakati huo wote mbwa hana budi kuwekwa hai na watu. Historia ya kupona, kwa maoni yangu, ndiyo historia ya wale wanaokaa na mgonjwa baada ya mpasuaji kwenda nyumbani.

Swali la kwanza wanalouliza ni hili: je, bado anasikia? Nalo hupimwa hivi. Mganga hubana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo dogo, abane mpaka kwenye mfupa. Sasa sikiliza sana, maana hapa wengi hukosea. Mbwa akivuta mguu, hilo silo jibu. Mguu waweza kujivuta wenyewe bila kichwa kuwa na habari, kwa maana ile sehemu ya ugwe iliyo chini ya jeraha ingali hai na hujibu peke yake. Usitazame mguu, tazama kichwa. Je, amegeuka? Amelia? Ametaka kuuma? Ikiwa ndivyo, habari imepita chini ya kifusi na kufika juu. Katika mbwa wanaopasuliwa wakiwa bado wanasikia hivyo, zaidi ya tisa katika kila kumi hutembea tena. Wale waliokwisha kupoteza hata maumivu hayo ya ndani kabisa, wanaorudi kutembea baada ya kupasuliwa ni kama nusu, au kupita nusu kidogo. Rudia hesabu hiyo moyoni mwako, ndugu mwanafunzi. Hata mbwa asiyesikia lolote, aliye katika hali mbaya kabisa, mara nyingi ana nusu ya bahati akipasuliwa mapema. Yule wa nyumba ile hakubanwa hata kidole.

Kuna hatari moja niitaje haraka, maana si habari ya kufurahisha. Kati ya hao wasiosikia kabisa, karibu mmoja katika kumi ugwe wake huanza kuyeyuka, na kuyeyuka huko hupanda mpaka kufika mahali pa kupumua. Hilo halina tiba. Ndiyo sababu katika siku za mwanzo mganga humtazama mbwa kila siku, na akiona dalili hiyo humpumzisha kwa huruma.

Sasa tuje kwa kibofu. Mbwa aliyepooza miguu mara nyingi hawezi kukojoa. Kibofu hujaa, huvutika kama puto, kisha mkojo humwagika kidogokidogo. Mtu asiyejua husema, "Ahaa, amepona, anakojoa." Hajapona hata kidogo. Kile ni chungu kilichofurika. Kibofu kikiachwa hivyo huharibika nyama zake, hushika usaha, na mbwa aliyepasuliwa vizuri na mpasuaji hodari hufa kwa sababu ya mkojo. Kwa hiyo mara tatu au zaidi kila siku, mtu huweka mikono yake pande mbili za tumbo, hutafuta kile kitu cha mviringo kama chungwa, na kukikamua taratibu mpaka kiishe. Hufanya hivyo asubuhi, mchana na usiku. Kazi hii haina sifa, na hakuna aliyetengenezewa nishani kwa ajili yake. Walakini maisha ya mbwa huyu yamo mikononi mwa yule akamuaye kibofu.

Jambo jingine ni malalo. Asiyeweza kujigeuza hupata vidonda pale mifupa inapoikandamiza ngozi. Yeyote aliyeuguza mzee nyumbani anajua habari hiyo. Basi mbwa hulazwa juu ya tandiko nene, kavu, hugeuzwa kila baada ya saa chache, na kusafishwa mara tu anapojichafua. Kisha huwekwa katika kizimba kidogo, wiki nne au sita. Wenye mbwa huliona jambo hili kuwa ukatili. Mbwa anaanza kupata nguvu, anataka kucheza, nao wanataka kumwachia. Lakini kisahani kilichopasuka bado kina tundu, na kifuko chaweza kufyatua mabaki. Pale wanaporuhusu mbwa aruke juu ya kiti siku ya kumi, wengine hurudi mwanzo.

Nguvu hurudi kwa utaratibu wake, nao ni kinyume cha ulivyopotea. Kwanza huja maumivu ya ndani. Halafu siku moja mkia hutikisika mwenyewe anapoitwa, si kwa kushikwa. Halafu mguu husukuma. Halafu husimama kwa nukta chache akaanguka. Halafu hutembea kama mlevi, miguu ya nyuma ikipishana. Kwa wale ambao hawakupoteza hisia, mara nyingi safari hiyo huchukua siku kadhaa mpaka wiki mbili hivi au zaidi kidogo. Kwa wale waliopoteza, ni wiki nyingi, pengine miezi. Msaidizi huikunja na kuinyosha miguu mara kadhaa kwa siku ili viungo visigande. Hupitisha kitambaa kirefu chini ya tumbo, mfano wa kanga iliyokunjwa, akainua sehemu ya nyuma huku mbwa akijaribu hatua. Mahali penye vyombo, mbwa hutembezwa ndani ya maji, maana maji huubeba uzito wake.

Nilipompelekea baba habari hizi, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hizo wiki mbili, nani angemkamua mkojo?" Nikamwambia, labda wewe, maana ndiwe uliyekuwa ukimpa chakula. Akacheka. Akasema angefanya.

Katika miaka hii yote wataalamu walijaribu pia kutafuta njia ya mkato. Mwaka 1990 huko Marekani ilitangazwa kwamba watu walioumia ugwe walinufaika wakipewa dawa kali ya kundi la stiroidi katika saa nane za kwanza. Waganga wa wanyama wakaifuata. Kwa miaka mingi mbwa wengi walichomwa dawa hiyo, wengine ikawatoboa matumbo na kuwaletea kutokwa damu. Hatimaye ikapimwa kwa haki. Mbwa 63 waliopoteza hisia waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa dawa hiyo, wengine dawa nyingine, wengine maji tu, na wote wakapasuliwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2016. Waliopewa dawa hawakupona zaidi ya waliopewa maji. Miaka miwili baadaye, katika chuo kikuu cha jimbo la North Carolina (North Carolina State), mazoezi mengi ya kila siku yalipimwa kwa namna hiyohiyo kwa mbwa waliokuwa bado wanasikia. Yalikuwa salama, lakini hawakurudi kutembea upesi kuliko wale waliopata uangalizi wa kawaida. Mimi naliona jambo hili kuwa habari njema kwa mtu asiye na fedha. Kukamua, kugeuza, kukausha tandiko na kunyosha miguu ndiyo mambo makubwa, na hayo hayahitaji mashine.

Na wale ambao hawakupata kupona? Huko Cambridge, Uingereza, walikusanywa mbwa 34 waliokuwa wamepooza mwaka mmoja na zaidi. Wengi walikuwa Dachshund, nao walipooza kwa ajali zao wenyewe, hawakuumizwa kwa ajili ya majaribio. Wengine walichukuliwa chembe hai kutoka ndani ya pua zao, mahali ambapo mishipa ya kunusa hukua upya maisha yote, chembe zikaoteshwa na kupandwa katika jeraha la mgongo. Wengine walichomwa maji matupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Baadhi ya waliopandiwa chembe walianza kutembeza miguu ya nyuma kwa kufuatana na ya mbele juu ya mkanda wa kutembelea. Ni jambo la ajabu. Lakini habari haikuwa imerudi mpaka kichwani, wala amri kutoka kichwani haikuwa imeshuka. Ugwe ulijiunga kwa masafa mafupi tu, na kibofu cha wengi kilibaki kama kilivyokuwa. Watu waliosoma magazeti siku ile walidhani kupooza kumekwisha duniani. Waandishi wa utafiti wenyewe hawakusema hivyo.

Nimebakiwa na dakika chache, nami niliahidi kurudi kwa wale wawindaji. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba miguu mifupi ya mbwa wa namna hii hutokana na nakala ya ziada ya chembe moja ya urithi. Mwaka 2017, katika chuo kikuu cha California pale Davis, Danika Bannasch na wenzake waligundua nakala ya pili ya chembe hiyohiyo, mahali pengine. Hii ya pili nayo hufupisha miguu, lakini vilevile ndiyo ikaushayo visahani. Kwa hiyo Hansen aliona sawasawa kwa darubini yake, miaka 65 kabla. Yule mwindaji aliyefurahia mtoto wa mbwa mwenye miguu mifupi alipokea vitu viwili kwa mkono mmoja.

Katika nchi za Ulaya ya kaskazini, kama Denmark na Finland, wafugaji wa Dachshund siku hizi huwapiga mbwa wao picha ya eksirei wakiwa na umri wa miaka miwili hadi minne. Visahani vilivyogeuka chokaa huonekana vyeupe katika picha. Huvihesabu. Mbwa mwenye vingi hazalishwi, mwenye vichache huzalishwa. Ni kuchagua mbegu kulekule kwa zamani, ila sasa wanachagua wakiwa wamefumbua macho. Wako wafugaji wa mahali pengine ambao hawataki kuhesabu, kwa kuwa mbwa mfupi zaidi ana bei zaidi. Hao mimi siwaelewi.

Sasa mwalimu na awaulize wanafunzi maswali mawili matatu. Kwa nini mguu unaojivuta si dalili ya kutosha kwamba mbwa anasikia? Dexler aliona nini mwaka 1896, na alikosea wapi? Mkojo unaomwagika wenyewe una maana gani? Na yule aliyewahi kuuguza mtu aliyepooza nyumbani kwake, awaeleze wenzake jinsi alivyozuia vidonda. Yaandikeni maelezo yake, kwa maana naamini yatakuwa bora kuliko yangu.

Kwaherini. Tukijaliwa, tutasikilizana tena wiki ijayo saa hii hii.